Mtama wa Dahabo Kando ya Barabara

Vijana wa idara mnaonifuata mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi, na mmoja wenu akashauri nianze na vyeo. Vyeo sitavianza wala sitavimaliza. Vyeti vyangu vimo sandukuni, na mchwa wamekwisha kuvisoma kabla yenu. Nitawaambia habari za mtama, kwa kuwa ndio ulionifundisha kazi, na nitaanzia Garissa, mahali ambapo miaka ile mtu wa Ukambani akipelekwa alisindikizwa na ndugu zake kwa machozi.

Nilifika na msafara wa malori, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, vilikuwa vimepamba moto na hakuna gari lililoruhusiwa kutoka Mwingi peke yake. Nilipokewa na Hassan, mtunza ghala la idara ya kilimo, mwenyeji wa pale, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina. Hakuuliza habari za safari. Alitazama viatu vyangu vipya akasema, "Bole sana, Mulwa. Hiyo fiatu mchanga itakula wiki moja tu." Alikosea. Vilikaa siku tisa.

Alinikabidhi ufito wa mwanzi wenye alama za futi, kwa ajili ya kupimia urefu wa mazao, akaniambia nisiuache jua liukaushe kwani utapasuka na serikali haina mwingine. Ufito huo nilikaa nao miaka mingi kuliko nilivyokaa na redio yoyote. Kisha tukaingia kwenye fomu, na hapo ndipo nilipojua kwamba nafaka moja inaweza kumchosha karani kuliko ng'ombe elfu.

Kwenye fomu za wakoloni, ambazo bado tulizitumia, mtama ulikuwa umeandikwa kwa jina la Kizungu lenye neno kafiri ndani yake. Hassan, mtu wa swala tano, aliuhesabu mtama huo ghalani kila wiki na hakuwahi hata mara moja kulitamka jina lile. Akifika kwenye mstari wake alikohoa, nami nikajua niandike wapi. Baadaye serikali ya uhuru ikatuletea waraka wa kubadilisha jina, tukapewa na wino mwekundu. Hassan alifuta jina la zamani fomu baada ya fomu, kwa furaha ambayo sikuiona tena usoni mwake hadi alipomwoza binti yake. Jina jipya lilikuwa sorghum, ambalo kila mtu ofisini alilitamka kwa namna yake. Kwetu tuliuita muvya. Wasomali wa kando ya mto waliuita masago. Waborana waliokuja na ng'ombe kutoka Garba Tula waliuita misinga. Magunia ya msaada wa ng'ambo yakaja yameandikwa milo, jina lake la huko, na karani mmoja mwenzangu akafungua ukurasa mpya kabisa wa daftari akidhani ni chakula kingine. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwenu ni huu: kabla hujaandika jina la kitu, muulize anayekipanda anakiitaje, halafu andika yote mawili.

Anayeupanda, kwangu mimi, alikuwa Dahabo. Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, mrefu, aliyekuwa na ng'ombe wengi hadi ukame ukawamaliza. Ng'ombe walipokwisha hakukaa kulia. Alishuka mtoni, akaomba kipande cha ardhi kati ya mto Tana na barabara, akapanda masago ambayo mbegu yake ilikuwa ya bibi yake kutoka upande wa mto Juba, ng'ambo ya mpaka. Majirani wafugaji walimcheka kwamba ameshika jembe. Aliwaacha wacheke, na njaa ilipowabana walikuja kwake na mifuko.

Mimi nilimwita Eeddo, yaani shangazi, kama Hassan alivyonifundisha, na yeye akaniita Eeddo vilevile. Nilifikiri ananikejeli. Hassan akanieleza kwamba ndivyo ilivyo kwa Wasomali, mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa. Basi tukawa tunaitana shangazi, mimi na yule mama, mbele ya watu, na sikuona aibu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimfanyia kosa. Chuoni nilifundishwa kwamba mahindi ndiyo maendeleo, nikamshawishi apande mahindi nusu ya shamba. Alikubali kwa heshima tu, nadhani kwa kunihurumia. Mvua zilikatika mapema, mahindi yakajikunja na kufa, na mtama wa nusu ya pili ukasimama futi kumi na mbili, ufito wangu haukufika juu. Dahabo hakunisimanga. Aliwaingiza mbuzi wakala mahindi yale makavu, akasema, "Haye, Eeddo. Mbusi wangu nashukuru serikali."

Vita vikazidi. Watu wa mashamba ya mtoni waliamriwa kuhamia kwenye kijiji kimoja chenye seng'enge na walinzi langoni, ili shifta wasipate chakula wala pa kulala. Waliambiwa asubuhi, wakahama kabla ya adhuhuri. Kila mwanamke alikuwa na masuke yake ya mbegu yaliyotundikwa kwenye uchaga juu ya jiko, yakila moshi ili wadudu wasiyaguse. Nani angekumbuka masuke huku amebeba watoto na sufuria? Vibanda vikachomwa baada yao, na mbegu ya mto mzima ikaenda na moshi. Kilichobaki ni mtama wa Dahabo, kwa kuwa yeye alichelewa kupanda na ulikuwa bado shambani, punje zikiwa na maziwa. Wanawake wote wa kijiji walijua kwamba mwaka unaofuata, kama kutakuwa na cha kupanda, kitatoka pale.

Jumanne moja Inspekta aliyesimamia barabara aliniita. Alikuwa mtu safi, mwenye Kiswahili kilichonyooka, na hakuwa mbaya. Wiki iliyotangulia gari lilipigwa risasi karibu na daraja na dereva wake akafa. Akaniambia, "Bwana Shamba, kuanzia leo hakuna mmea kando ya barabara utakaozidi kiuno cha mtu. Mtama wa yule mama unaficha kikosi kizima. Jumamosi nitapita. Nikiukuta umesimama, askari wangu wataufyeka, na wewe utapanda lori la kurudi kwenu ukiwa na barua mkononi."

Nilimwambia punje zimebakiza wiki tatu tu zikauke. Akanijibu kwamba dereva naye alibakiza wiki mbili aende likizo.

Nilikwenda kwa Dahabo pamoja na Hassan, maana sikutaka kumwambia peke yangu. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya banda lake jipya. Kisha akauliza swali moja tu. "Amesema kata, ama amesema kiuno?"

"Amesema usizidi kiuno, Eeddo."

"Basi hapana kata. Tunalasa."

Hassan aliona uso wangu akatabasamu. Akanieleza kwamba kule Juba, masago marefu yakikaribia kukomaa na ndege wakizidi, wanawake huyalaza, yaani huyainamisha. Bua hukunjwa kiunoni bila kuvunjwa, suke likalala chini ya majani, na mzizi ukaendelea kulinywesha. "Ile mti nalala tu," Dahabo aliongeza. "Nakunywa maji bado. Ukikata, imekufa. Ukilasa, yenyewe nafikiri ni usiku."

Mimi nilikuwa na kitabu cha chuo. Kitabu kilisema mtama ulioanguka ni hasara, na fomu yetu ilikuwa na safu yake maalumu ya hasara hiyo. Nilikuwa nimewahi kuijaza. Hata hivyo sikuwa na wazo jingine, nikakubali.

Ilibaki ruhusa ya kutoka. Watu wa kijiji walitoka langoni kwa cheti tu, na vyeti vya kazi za shamba niliandika mimi. Nilikaa na kalamu nikijiuliza niandike nini. Kuandika "kukata" ni uongo, kuandika "kuinamisha" ni kuitiwa maswali. Hassan akatunga maneno: "Kazi: kupunguza urefu wa mazao." Wanawake kumi na wanne wakapewa vyeti hivyo, na mlinzi akavisoma vyote kumi na vinne, kimoja baada ya kingine, vikiwa na maneno yale yale.

Tulifika shambani Jumatano karibu saa nne. Nikaanza mimi kwa bidii zote, nikitaka kazi iishe. Nilishika bua, nikasukuma, likakatika. La pili likakatika. Nilipofika mstari wa pili nilikuwa nimeua mabua kama arobaini, na masuke mabichi yananing'inia yakidondosha maziwa yao mchangani. Dahabo alikuja mbio, akanishika mkono kwa nguvu.

"Wewe naua bibi yangu!" alinifokea. "Jua imekausha mti. Masago nalaswa asubuhi, na umande. Nani alikwambia anza?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimejiambia mwenyewe. Naona aibu ile hata sasa, kwa kuwa wale wanawake walikuwa wamesimama kando ya shamba wakisubiri, na mimi sikujiuliza wanasubiri nini. Nilidhani wanaogopa kazi. Wakaokota masuke yale arobaini wakayaweka kwenye kanga, na siku ile hakuna kingine kilichofanyika.

Umande hauko saa nne. Lango lilifunguliwa saa tatu. Jioni ile nilikwenda kwa yule mlinzi wa vyeti nikamweleza ukweli wote, mtama, mbegu, bibi wa Juba na mabua yangu arobaini. Alicheka sana kwenye hayo mabua. Mama yake, alisema, alikuwa akipanda mtama Busia. Alhamisi na Ijumaa lango lilifunguliwa mara tu watu walipomaliza swala ya alfajiri, na mlinzi mwenyewe akaja na bunduki yake akakaa juu ya kichuguu kutulinda.

Hapo nikajifunza kazi. Unashika bua kiunoni kwa mkono wa kushoto, unaweka kiganja cha kulia juu kidogo, unaliinamisha polepole hadi lilie mara moja. Likilia mara moja limekunjika. Likilia mara mbili limevunjika. Dahabo aliyasikiliza mabua ya wenzake kutoka upande wa pili wa shamba, na akisikia mlio wa pili aliita jina la mkosaji. Aliita langu mara tatu, kisha hakuliita tena, na nilifurahi kuliko siku niliyopokea cheti cha chuo.

Mistari haikulazwa ovyo. Mistari miwili ililazwa ikatazamana, masuke ya huu yakiegemea mabua ya ule yasiguse udongo, na kati ya jozi na jozi ikaachwa njia nyeupe. Ukisimama barabarani uliona moja kwa moja hadi mtoni. Ijumaa kabla ya saa tatu tulikuwa tumemaliza. Nilipita na ufito wangu jozi kwa jozi, na hakuna palipozidi futi tatu.

Jumamosi nilikuwa barabarani tangu asubuhi. Dahabo alikuwa amekaa chini, pembeni mwa shamba, shanga za tasbihi mkononi. Hassan alisimama nyuma yangu, ila si karibu sana. Inspekta alishuka kwenye Land Rover na askari wanne wenye mapanga, akatazama shamba kwa muda mrefu.

"Nilisema ufyekwe."

"Ulisema usizidi kiuno, bwana," nikamwambia. Nikasimamisha ufito kando ya mabua. "Futi tatu. Popote utakapopima."

"Mtu akilala humo simwoni."

"Utamsikia, bwana. Mwambie askari wako aingie."

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa yangu. Hassan alikuwa amenifundisha usiku uliotangulia, naye alifundishwa na Dahabo. Inspekta alimtazama askari mmoja, kijana mwembamba, akamwashiria. Yule kijana akaingia kwa kunyata kwenye jozi ya kwanza, akainama, akajaribu kutambaa chini ya mabua. Majani ya chini ya mtama uliolala yalikuwa yamekwisha kukauka kwa siku mbili za jua. Yalilia kama mahindi kwenye kikaango. Alisimama, yakalia. Aligeuka arudi, yakalia zaidi, na kunguru waliokuwa kando ya mto wakaruka wote. Wale askari watatu waliobaki wakaanza kucheka, na Inspekta akageuza uso pembeni.

Akamwita mlinzi wa lango, aliyekuwa juu ya kichuguu chake, akamuuliza kama kelele ile ingesikika langoni. Mlinzi akajibu kwamba yeye hajawahi kuwa na mbwa mkali hivyo. Inspekta akageukia shamba tena. Nilikuwa nimesimama kati yake na shamba, ufito mkononi, nikiwaza lori, barua, na baba yangu akiisoma barua hiyo. Niliogopa. Nawaambia wazi, maana wazee wengi wakiandika habari zao hujifanya hawakuogopa.

Hatimaye akasema, "Wiki tatu. Baada ya hapo nataka kuona udongo mtupu." Akaondoka.

Dahabo hakupiga kigelegele. Aliweka kipaji cha uso chini, akasujudu pale pale mchangani, akakaa hivyo hadi Land Rover ilipopotea. Kisha akainuka, akajipangusa, akaanza kufukuza panya.

Panya walikuwa tatizo, na mchwa pia, lakini ndege hawakutusumbua kwa sababu masuke yalikuwa yamefunikwa. Kwa wiki tatu nililipima shamba lile kila siku mbili. Punje zilikaza, zikageuka nyekundu, mwishowe zikawa ngumu kiasi kwamba ukiiuma moja inakujibu. Hazikuwa nene kama za mtama uliosimama. Nilipojaza fomu, kwenye ile safu ya mtama ulioanguka, niliandika: "Umelazwa kwa makusudi. Hakuna hasara." Makao makuu waliniandikia wakiuliza maana yake. Niliwajibu mara mbili, na mara ya tatu nikawaacha.

Siku ya mavuno Dahabo alichagua kwanza masuke ya mbegu kabla hajaruhusu mtu kupura hata punje ya kula. Aliyapanga juu ya mkeka, akamwita kila mwanamke kwa jina, akampa masuke matano. Hakumbagua aliyemcheka zamani. Waliyapeleka kwenye mabanda yao ndani ya seng'enge, wakayatundika juu ya majiko, na jioni ile ukipita kijijini uliona masuke mekundu yakining'inia ndani ya kila mlango uliokuwa wazi. Nilikula anjera, chapati laini za mtama huo, kwa Dahabo, na chai ya maziwa ya mbuzi, na nikashiba. Nimekula kwenye hoteli kubwa kwa gharama ya serikali baada ya hapo, na siku moja nitawasimulia, lakini sikushiba vile.

Vita vilipokwisha nikahamishiwa Wajir, kisha Mandera, na huko kazi ikawa nyasi na visima. Nilizunguka Hadado na Takaba miaka mingi nikipima majani ambayo ngamia waliyamaliza kabla sijageuza ukurasa. Hassan alifariki nikiwa huko. Dahabo alifariki mwaka uliofuata, na habari ilinifikia imechelewa, kwa dereva wa lori la mifugo. Nililia mbele ya dereva huyo, naye akazima injini akanisubiri nimalize.

Mwezi huu, baada ya kukabidhi funguo za ofisi, nilipitia Garissa nikielekea nyumbani. Mji umekua na sokoni hakuna aliyenijua. Nikamkuta mwanamke mmoja wa makamo mwenye magunia matatu ya mtama, amekaa nyuma ya mizani yake. Nikamsalimia, nikamuuliza aina zake.

"Hii nyeube ni ya dukani," akasema, "haina ladha. Hii ni ya msaada. Na hii nyekundu ni Mulwa."

Nikadhani nimechoka na safari hadi nasikia jina langu. Nikamuuliza jina hilo limetoka wapi.

"Ni jina ya mtu. Mkamba fulani wa serikali, wakati ya shifta. Askari walikuja kata masago ya Dahabo, yeye akasimama barabarani na fimbo yake, akakataa. Mama yangu alibewa mbegu siku ile. Dahabo mwenyewe ndiye aliita hivyo."

Nikamwambia nilivyosikia mimi, kazi yote ilikuwa ya Dahabo, na mtama ule ulistahili jina lake.

"Watu walimwambia," akajibu, huku akisawazisha gunia. "Akasema hapana. Akasema yeye alikuwa natetea mbegu yake, hiyo si ajabu. Lakini yule kijana hakuwa na kitu bale, na alikuwa mwoga kabisa. Suruali ilikuwa natetemeka, wanawake wote waliona. Na hakutoka barabarani."

Kisha nikamuuliza kama huyo Mulwa bado yuko.

"Ah, huyo alikufa samani, Msee. Allah amrehemu."

Nikaitikia amina kwa moyo wote, nikamwomba anipimie kilo mbili.